Digrii Iliyokosa Gari

Nikimsikia mtu aliyeamshwa na mamake kwa chai na mandazi, akapelekwa chuo kikuu na kurudishwa, akisema ati wanafunzi wanaotoka diploma kwenda digrii hawamalizi kwa sababu hawana bidii, huwa nashikwa na kinyaa. Si hasira, maana hasira hupoa. Ni kile kinyaa cha kukuta unywele ndani ya chapati ya hotelini, halafu mwenye hoteli anakwambia utoe tu uendelee kula.

Mimi mwenyewe nina diploma ya umeme. Niliipata katika chuo cha ufundi huko kwetu Bonde la Ufa, chuo cha mabati na matope, lakini walimu walijua kazi yao na mimi nilisoma. Chuo kikuu kilikuwa kimetangaza kwamba watu wa diploma wangeingizwa mwaka wa tatu moja kwa moja. Nikaenda. Mama wa ofisini akavigeuzageuza vyeti vyangu kama mtu anayechagua nyanya zilizooza, akaniambia nianze mwaka wa kwanza.

"Na hesabu niliyoifanya?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya diploma."

"Kwani mbili na mbili huku kwenu ni ngapi?"

Akaita mtu anayefuata. Karo ya kusoma tena nilichokwisha kukisoma sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ningeona uchungu kuitoa. Nikatafuta ajenti, nikaenda Saudia kuwa dereva, nikijiambia nitarudi kusoma nikijaaliwa. Mvi zimeniota na sijarudi. Lakini yangu yaacheni. Ninayotaka kusimulia ni ya msichana mmoja wa huko huko, kwa sababu digrii yake ilipotea nikiwa nimeshika usukani, na niliona kila kitu kilivyopotea, kipande kwa kipande.

Nilikuwa dereva wa nyumba huko Al-Safa, Jeddah. Mwenye nyumba tulimwita baba, kama wafanyakazi wote wanavyomwita kafili, yaani mdhamini wao wa kazi, mwenye utu kidogo. Alikuwa nao utu. Alinilipa bila kunizungusha, aliniuliza habari za mama yangu, na ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, hakuwahi kuiacha ikaisha muda. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za jitu katili. Laiti angekuwa jitu katili, ningejua pa kuelekeza macho.

Binti yake mkubwa alikuwa amemaliza diploma ya kompyuta katika chuo cha miaka miwili pale pale Jeddah, kile wanachokiita chuo cha jamii. Nilikuwa nikimpeleka na kumrudisha. Alikuwa msichana wa maneno machache, anayesoma ndani ya gari mpaka tunafika bila kujua tumefika. Alimaliza vizuri sana. Nyumbani walichinja, majirani wakala, na mimi nikapewa sinia langu kibarazani.

Sasa, diploma ile peke yake ilikuwa haimfikishi popote. Kazi aliyoitaka, ya kulinda mitandao ya kompyuta isivamiwe na wezi, ilidai digrii. Akaomba vyuo vingi. Kilichomkubali kuendelea na kozi yake kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa Riyadh. Babake alifikiri kwa muda mrefu, akakubali kwa masharti: binti angekaa mtaa wa Malaz, kwa ami yake, yaani kaka mkubwa wa babake, hangepanda teksi za kuitwa kwa simu, kwa sababu hakuna aliyejua nani anaziendesha, na mimi ningekwenda Riyadh na gari kwa ajili yake.

"Na leseni yangu?" binti aliuliza. Wanawake walikuwa wameshaanza kuendesha magari siku nyingi, na yeye aliitamani leseni kama mtoto anavyotamani baiskeli.

"Ukipata digrii, utapata leseni," babake akamjibu.

Ijumaa hiyo nilikwenda mtaa wa Ghulail kula ugali na Wakenya wenzangu, nikawapa habari. Walinicheka kwa wivu. "Wee jamaa umeangukia! Msichana mmoja, chuo kimoja, mchana wote umelala kwa AC!" Nami nilikuwa nimeshaamini hivyo. Nilinunua hata mto mdogo wa kulalia garini.

Wao walipanda ndege, mimi nikalipeleka gari jangwa zima mpaka Riyadh. Nilipofika Malaz, baba alinisimamisha uani, binti akiwa kando, akaniambia kwa Kiarabu chepesi ili nielewe vizuri: "Kazi yako ni moja. Binti, chuo, nyumbani. Halas, basi."

"Sawa baba."

Halafu nikaingiza mizigo, na nikiwa mlangoni mwa majlisi, kile chumba chao cha wageni, nikamsikia baba huyo huyo akimwambia kaka yake, mkono kifuani: "Gari ni lako, na dereva ni wako."

Hapa lazima nieleze, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia. Haya ni maneno ya adabu. Kwetu, mtu akikukuta unakula unamwambia karibu chakula, naye husema asante nimeshiba, hata kama utumbo unanguruma. Wewe umetimiza adabu yako, yeye ametimiza yake, chakula kinabaki chako. Waarabu wana hayo maneno maradufu. Ukisifia saa yake anakuambia chukua. Mwenye adabu hachukui. Anasema Mungu akubariki, mambo yanaishia hapo. Baba alisema maneno yake na kungoja jibu hilo. Kaka yake akanywa kahawa, akasema, "Nimekubali."

Basi. Hakucheka, hakusema nakutania. Niliona baba akipepesa macho. Lakini angefanyaje? Huwezi kumwambia kaka yako mkubwa, ndani ya majlisi yake, kwamba ulikuwa unasema tu. Akajichekesha, akaomba kahawa nyingine.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Mke wa ami alikuwa bado anamwona binti kama mgeni, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi nilimchukua Malaz, tukapambana na foleni za barabara ya kaskazini, nikamshusha kwenye geti la wanawake. Treni za mjini wakati huo zilikuwa bado ni nguzo na ahadi. Mchana nilimrudisha.

Siku moja alirudi garini akalia. Nikajifanya napangusa kioo. Alipomaliza, akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ofisi imekataa masomo yake kadhaa ya diploma. Wamesema jina linafanana lakini mpangilio haulingani. Itabidi ayasome upya, na mengine ya juu hawezi kuyagusa mpaka ayamalize hayo.

"Uliyafaulu?" nikamuuliza.

"Nilikuwa wa kwanza darasani."

"Sasa wanataka uyajue mara mbili?"

Akacheka kidogo huku machozi yakimtiririka. Nikamsimulia ya kwangu, ya yule mama wa nyanya. Ilikuwa mara ya kwanza aniulize kitu kunihusu. Akataka kujua kwa nini sikurudi tena kuomba. Nikamwambia unaweza kupanda mlima mara moja, lakini ukifika juu ukaambiwa ushuke uupande tena kwa sababu ulikuja na viatu vya aina nyingine, miguu inakataa. Akasema yake haitakataa. Nilimwamini, na hata leo nasema hakuwa na kosa.

Jembe likaja. Mke wa ami alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, na hiyo sauti ndiyo ilikuwa hatari. Hakuwahi kunifokea. Alikuwa anasema tu, "Dakika moja, ya sawwag. Dakika moja tu." Sawwag ni dereva. Dakika moja ilikuwa fundi wa nguo. Dakika moja ilikuwa duka la manukato, ambako angenusa chupa hii na ile huku mimi nikiangalia saa hadi macho yanauma. Dakika moja ilikuwa kumpeleka mwanawe wa kike, aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari, kwa rafiki yake kula keki. Wao walikuwa na dereva wao zamani. Alikwenda likizo kwao akaachishwa huko huko. Wamtafute mwingine wa nini, na huyu amekuja bure?

Na binti hakusema neno. Hili lilinikera mpaka nikashindwa kula. Anashuka na mkoba wake tayari kwenda darasani, anakuta mke wa ami ameshaketi kiti cha nyuma na abaya yake na marashi yake, gari zima linanuka udi. "Unatoka, mpenzi? Nishushe kwanza mimi, ni njia hiyo hiyo." Haikuwa njia hiyo hiyo hata siku moja! Chuo kilikuwa kaskazini, yeye kila siku safari zake za kusini. Binti anasema "tafadhali, mama mkubwa, tangulia," anapanda kando yake, anafungua kitabu. Tunafika chuoni kipindi kimekwisha.

Nyumba ile ilikuwa na mfanyakazi kutoka Mombasa, mama wa makamo, Mwislamu wa heshima zake, aliyelala kijichumba karibu na jikoni. Yeye ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye Kiswahili. Nikamlalamikia.

"Kaka, wewe nawe!" akanicheka. "Watu hawa wanatafunana wenyewe, wewe roho yakuuma nini?"

"Dada, huyu mtoto atafukuzwa chuo."

"Si amwambie babake."

"Anaona aibu. Anasema yuko nyumbani kwa watu, anakula chakula chao."

"Ala! Basi ndiyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako." Akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na akibaki nyumbani si kwamba yuwapumzika. Wageni wa mama wakija, yeye ndiye wa kumimina kahawa. Yule wao amefungiwa chumbani, yuwasoma, kwa sababu mwaka huu ana mitihani. Wa watu amesimama na birika mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Mimi naona, sina mdomo."

Hivyo basi, wa kwao asome, wa watu amimine kahawa. Nilitoka nje nikatema mate kwenye mchanga.

Chuo kilikuwa na sheria yake, na sheria ilikuwa haijui fundi wa nguo wala manukato. Ukikosa vipindi kupita kiasi walichoweka katika somo, hata uwe na akili za ajabu, mtihani wa somo hilo huuoni. Wanakuita mahruma, aliyenyimwa. Kompyuta ya chuo inakuonya kwanza kwa ujumbe wa simu. Binti alinionyesha onyo la kwanza kwenye foleni, mkono wake akiwa ameupitisha katikati ya viti. Halafu la pili. Yalikuwa mawili kati ya yale masomo aliyolazimishwa kurudia, ambayo ungemwamsha usingizini akakufundisha.

Nikaamua kuvunja mwiko. Nikamtumia baba ujumbe wa sauti Jeddah, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Nikamwambia baba, samahani, gari halifiki chuo, madam wa huku ana safari nyingi, binti atanyimwa mtihani. Nikarudia mara mbili ili asije akasema hakuelewa. Alisikiliza, nikaona alama za buluu. Akanijibu, "Inshallah." Na kidole gumba.

Kidole gumba! Mtoto wako anazama, wewe unatuma kidole gumba. Nikamchezea binti sauti ile ili ajue nimejaribu. Akasema, "Baba hawezi kuzungumza na kaka yake mambo ya gari. Mimi namjua." Alimtetea. Hata wakati ule alikuwa bado anamtetea.

Ikafika wiki ambayo amebakiwa na nafasi moja. Akikosa kipindi kimoja tu cha somo moja, basi. Na somo hilo likianguka linaangusha na yale ya juu yake yote, mwaka mzima unakwenda na maji, na chuo kilikuwa kimeshamwambia kwamba waliohamia kutoka diploma hawapewi mwaka wa kupoteza, wanaondolewa. Aliniambia haya jioni uani, akiwa amesimama mbali kidogo kama ilivyo adabu.

"Kesho tunaondoka kabla mama mkubwa hajaamka," akasema.

"Hata sasa hivi tungeweza kwenda tukalale getini."

"Usinichekeshe."

Kulipopambazuka, nikalisukuma gari mpaka nje ya lango kabla sijaliwasha. Sijawahi kuiba kitu maishani, lakini asubuhi ile nilijua mwizi anavyojisikia. Akatoka viatu mkononi. Tukaondoka. Barabara ilikuwa nyeupe, hata taa zilitupisha. Aliteremsha kioo, akafungua kitabu, akaanza kujisomea kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa naimba moyoni nyimbo za kanisani kwetu.

Tulikuwa tumeshaliona geti la chuo simu yake ilipolia. Ilikuwa sauti ya ami. Aliiweka kwenye spika, nami nikasikia kila neno. Nyanya, mama wa mke wake, ameshikwa na kifua. Gari liko wapi? Gari linachukuliwaje bila ruhusa na nyumba ina mgonjwa? "Bibi yako akifa, utakwenda kusoma na nani?"

Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

"Ushuke kwanza," nikamwambia. "Ingia darasani. Mimi nitarudi peke yangu nimpeleke hospitali."

"Wamesema nirudi pia. Wanataka mwanamke wa kumshika."

"Mwanamke yuko! Mke wa ami yuko, dada wa jikoni yuko, binti yao yuko!"

"Kama atakufa?" akaniuliza. "Niambie, kama kweli atakufa?"

Wewe ungemjibu nini? Nilimwambia, "Madam, ukishuka leo, nitasema mimi nilikataa kugeuza. Nitasema gari liliharibika. Wakinifukuza, wanifukuze." Nilisema kweli kabisa. Alishika kitasa cha mlango. Akakishika kwa muda. Kisha akasema, "Rudi," na nilipokuwa bado sijageuza akasema tena, akipiga kelele, "Nimesema rudi!"

Nilirudi nikipita magari kama mwendawazimu, kwa sababu kama ni kifua basi ni kifua, na bibi wa watu hana hatia. Tukafika. Nikaruka nje kufungua mlango wa nyuma. Huyo bibi mgonjwa alikuwa ameketi kibarazani, amevaa vizuri, macho yamepakwa wanja, anakula tende. Kando yake mke wa ami ameshika mkoba. Walikuwa wanakwenda kuchagua vitambaa vya harusi ya mpwa wao, na duka hilo hufungua mapema na kuuza vizuri kwa wanaowahi.

"Alhamdulillah, kifua kimepoa," mke wa ami akasema kwa ile sauti yake nyororo. Hata aibu ya kudanganya vizuri hakuwa nayo.

Binti alimtazama yule bibi. Akamwinamia, akambusu kichwani kama inavyopasa, akamuuliza hali. Halafu akaingia ndani na mkoba wake. Mimi nikawapeleka kwenye vitambaa. Walishindana saa nzima juu ya rangi, moja ya chungwa na moja ya kiini cha yai, nami nimesimama na mafurushi.

Ujumbe wa mahruma uliingia mchana. Dada wa Mombasa ndiye aliyenieleza jikoni. Alisema binti alisoma, akaiweka simu kifudifudi, akaenda kumimina kahawa kwa sababu wageni walikuwa wamefika.

Baba alikuja kutoka Jeddah mwisho wa wiki. Waliketi majlisini yeye na kaka yake. Wanawake walikuwa ng'ambo ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na nilijua binti yuko huko. Nikaitwa nilete maji kutoka garini, na nilipoingia nikaambiwa nisimame.

Ami alikuwa akisema kwa upole, kama daktari. "Ndugu yangu, usimlaumu. Chuo cha miaka miwili ni kitu kimoja, chuo kikuu ni kingine. Mtoto amelemewa. Analala, hawezi kuamka. Hao wa diploma wote ndivyo walivyo, uliza popote."

Baba akanigeukia. "Ni kweli? Alikuwa analala?"

Nilijua ninachochezea. Kafili akikukasirikia anakupandisha ndege, na mama yangu alikuwa akinywa dawa kwa mshahara ule. Lakini kuna uongo ukiumeza unakuozea tumboni. Nikasema, "Baba, wallahi, hakulala hata siku moja. Yeye aliamka, gari ndilo halikuwepo. Gari lilikuwa kwa fundi, lilikuwa kwa manukato. Siku ya mwisho tulifika getini. Tukarudishwa kwa mgonjwa, na mgonjwa nikampeleka kuchagua vitambaa."

Nilisikia bangili ng'ambo ya mlango. Ami hakukasirika hata kidogo. Alizungusha kikombe chake kidogo, akamtazama mdogo wake.

"Gari ulinipa. Hukunipa?"

Baba alitazama zulia. Nilimwomba Mungu amfungue mdomo. Neno moja tu lingetosha.

"Nilikupa," akasema.

"Basi."

Na wakaendelea na kahawa. Hivyo tu! Mimi nimesimama na katoni ya maji. Wakaanza kuzungumza bei za kondoo. Baada ya muda, mke wa ami akasema kutoka ng'ambo kwamba, kwa kuwa binti anarudi Jeddah, dereva abaki. Binti yao, akimaliza mitihani, anaingia chuo kikuu, digrii moja kwa moja, na masomo ya digrii hayataki mchezo. Ni lazima awe na gari lake peke yake, lisiguswe na mtu. Ami akatikisa kichwa kukubali. Baba akasema hakuna shida, ataanza kuhamisha karatasi zangu ziwe kwa kaka yake. Mafi mushkila. Hakuniuliza. Meza huulizwa?

Siku ya kuondoka niliwapeleka uwanja wa ndege. Baba aliketi mbele pamoja nami, binti nyuma peke yake. Hakuwa na kitabu. Tulipoingia barabara kuu, simu ya baba ikalia, rafiki yake wa Jeddah akiuliza kwa nini binti anarudi kabla ya mitihani. Baba akacheka kile kicheko cha watu wazima.

"Wallahi, masomo yalimlemea," akasema. "Diploma si digrii. Kila mtu na kiwango chake."

"Sikulemewa," binti akasema kutoka nyuma.

Baba akainua kiganja kumnyamazisha, akaendelea. Ndio, ndio, atapumzika, Mungu atampa mume mwema.

"Sikulemewa!" Sasa alikuwa amesogea mpaka katikati ya viti, mdomo wake karibu na simu ya babake. "Mzee, unanisikia? Sikulemewa. Niliweza yote. Baba alitoa gari langu akampa kaka yake, na kaka yake alipomuuliza, akasema, 'Nilikupa'!"

Baba akakata simu. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nilidhani atamgeukia, nikapunguza mwendo nisije nikatuua. Hakugeuka. Alitazama mbele, akitafuta kitu cha kuangalia katika barabara iliyonyooka isiyo na kitu. Nyuma yetu msichana alikuwa analia kwa sauti, bila kujificha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Washa redio," baba akaniambia.

Redio ya gari lile ilikuwa nzima kabisa. Nikamwambia imeharibika.